"Get" ni kupata, ila si kila mara

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Juzi mgeni wetu Mmarekani aliniachia kikaratasi kaunta, nakinakili kilivyo: "We got in late, my husband got sick and we didn't get to see the crater. Can you get someone to look at the shower? We're getting picked up at six." Ujumbe niliuelewa na fundi nilimpeleka, lakini get tano kwenye kikaratasi kidogo namna ile! Shuleni tuliambiwa get ni kupata, basi. Hiki kitenzi kimetoka wapi, na kwa nini kina maana nyingi hivi? Halafu mdogo wangu wa kidato cha nne alikatwa alama kwa kuandika gotten, na wageni wangu wanalisema kila siku. Nani mwenye makosa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kikaratasi hicho usikitupe. Get zake tano ni za aina tano, na ni moja tu inayokubali "kupata" bila kubishana. Nitazipitia zote, ila uniruhusu nianzie mbali kidogo, maana ukishajua neno hili lilikotoka, nusu ya vituko vyake havitakushangaza tena.

Get halikuzaliwa Uingereza. Lililetwa na Waviking, mabaharia wa Denmark na Norway waliosema lugha iitwayo Kinorsi cha Kale, na kwao lilikuwa geta. Mwaka 793 walivamia monasteri ya Lindisfarne, kisiwani kaskazini-mashariki mwa Uingereza, wakapora, wakaondoka. Mwaka 865 likaja jeshi zima, na hilo halikuondoka. Sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya nchi ikawa mikononi mwa Wadani. Wakalima, wakaoa, wakauza na kununua na wenyeji. Lugha yao na Kiingereza cha wakati ule zilikuwa ndugu wa karibu, mfano wa Kimvita na Kiunguja: huyu anasema mato na ndia, yule macho na njia, na biashara inaendelea. Watu wakikaa hivyo hawaazimani majina ya vitu vigeni peke yake. Sisi tuliazima meza kwa Wareno na shati kwa Waingereza, kwa sababu vitu vyenyewe vilikuja navyo. Waingereza walichukua kwa Waviking maneno ya ndani kabisa: take, egg, skin, hata they na them, viwakilishi ambavyo lugha kwa kawaida haitoi wala haipokei. Get limo katika kundi hilo, na kwenye maandishi linaanza kuonekana yapata mwaka 1200.

Mambo hayakwenda laini siku zote. William Caxton, mtu wa kwanza kuchapa vitabu Uingereza, alisimulia mwaka 1490 habari ya wafanyabiashara wa kaskazini waliokwama mdomoni mwa mto Thames kwa kukosa upepo. Mmoja wao akashuka nchi kavu, akamwomba mama mmoja amuuzie egges. Yule mama akamjibu kwamba yeye Kifaransa hajui. Mwanamume akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakukijua, alitaka mayai tu! Mpaka mwenzake alipotaja eyren ndipo mama akaelewa. Eyren lilikuwa neno la Kiingereza cha asili, egges lilitoka kwa Waviking. Leo eyren limekufa na hakuna anayelilia.

Sasa tazama herufi g. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake geta, nacho ni gietan, lakini g ikitangulia e au i Waingereza waliilainisha ikawa y, ndiyo maana leo wanasema year, yard na yellow, maneno ambayo kale yaliandikwa kwa g. Kama get lingekuwa la kwao, leo mgeni wako angesema yet badala ya get. Ile g ngumu ni alama ya Waviking, na imebaki pia kwenye give na kwenye guest, neno unalolitaja kazini kutwa nzima.

Huyo ndugu wa Kiingereza, gietan, hakuwahi kusimama peke yake. Kila mara alitanguliwa na kiambishi. Begietan ndiyo beget ya leo, kuzaa. Ongietan ilikuwa kutambua, kuelewa, nayo imetoweka. Na forgietan ndiyo forget: kile kiambishi cha mbele kinageuza maana kuwa ya hasara, kwa hiyo kusahau kwao ni kuponyokwa na kitu ulichokuwa umekishika akilini. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, bado aliandika foryete kwa y. Baadaye get la Waviking lilipozoeleka likawavuta hawa ndugu zake nao wakarudi kwenye g ngumu.

Ukirudi nyuma zaidi, kabla hakujawa na Kiingereza wala Kinorsi, shina la neno hili lilimaanisha kushika, kukamata. Shina hilo hilo upande wa Kilatini lilitoa prehendere, kukamata, na humo Kiingereza kimevuna, kwa kupitia Wafaransa na wasomi wa kanisa, comprehend, apprehend, surprise, apprentice na hata prison. Usishtuke kwamba get na prehendere hazifanani. Palipo na g katika lugha za upande wa Kiingereza, Kilatini mara nyingi kina h, na palipo na t kina d: guest kwao ni hostis, ten ni decem, two ni duo. Toa pre ya mbele, ubakiwe na hend, na undugu unaonekana. Kwa hiyo anayesema I comprehend na anayesema I get it wanatumia shina moja, ila mmoja amelipata kwa maprofesa na mwenzake kwa wavuvi.

Na hapa ndipo ninapopenda kuwaonyesha wanafunzi kitu. Geta ya Waviking ilikuwa na maana za kupata, kufikia, kuzaa, kuweza, na kukisia. Wanafunzi huguna: hayo yanahusianaje? Basi tazama pata yetu. Nimeandika hapo juu "yapata mwaka 1200": hapo pata ni kufikia. Unaposema "sijapata kumwona" hujakosa kitu cha mkononi, umekosa nafasi, na hapo umeshaingia mlango wa kuweza. Mama amepata mtoto. Mtu akibahatisha jibu likawa lenyewe, tunasema amepatia. Kwenye simu unauliza "unanipata?" na mtu wa Nairobi akimaliza kukueleza jambo anakuuliza "umenipata?" akitaka kujua umeelewa. Ukimwudhi jirani anakwambia "nitakupata tu", na Mwingereza naye, I'll get you. Hatukuiga kwao wala wao kwetu. Neno la kushika na kupata, popote duniani, lina tabia ya kutambaa kuelekea huko. Huko Iceland, ambako Kinorsi hakikubadilika sana, geta leo ndiyo kitenzi chao cha kawaida cha kusema "naweza".

Ile maana ya kuzaa iliendelea Uingereza muda mrefu. Biblia ya mwaka 1611 inaanza Mathayo kwa orodha ya begat: Ibrahimu alimzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo. Hadi leo wafugaji wa farasi huita watoto wa dume fulani get yake. Ila kuwa mwangalifu na git, ambalo limetoka humo humo, kwanza likiwa na maana ya mtoto wa haramu. Siku hizi Waingereza wanatukanana nalo, mara nyingine kwa utani, lakini wewe uliye kaunta halikuhusu.

Haya, turudi kwenye kikaratasi. Kanuni yangu ni moja: get usilitafsiri, tafsiri kinachofuata. Lenyewe ni kama halina uzito, linasubiri liambiwe na neno la mbele lifanye kazi gani.

Got in late. Mbele yake kuna in, neno la mahali, kwa hiyo get hapo ni mwendo: tulifika usiku. Ndiyo ile kufikia ya Waviking. Ukoo wake ni mkubwa, get up, get off, get back, get through, na wengi wao wamehama kutoka mwendo wa miguu kwenda mwendo wa maisha. Get over ni kuvuka ukuta, na pia ni kupona huzuni. Get by ni kupita pembeni, na pia ni kusukuma maisha kwa hicho kidogo ulichonacho. Hawa hawana njia ya mkato, wanazoeleka kimoja kimoja.

Got sick. Mbele kuna kivumishi, na hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Sisi tunasema amepata homa, au amepatwa na homa, yaani homa ndiyo imemfuata ikamkuta, kama jua linavyopatwa. Kiingereza hakisemi kwamba mume amepokea kitu. Kinasema ameingia katika hali: alikuwa mzima, akawa mgonjwa. Get na kivumishi ni kuingia katika hali, be na kivumishi ni kuwemo ndani yake tayari. Kiswahili hatuhitaji vitenzi viwili kwa kazi hiyo, tunabadilisha wakati tu. I'm getting tired ni ninachoka. I'm tired ni nimechoka. He's getting old, anazeeka. He's old, amezeeka. They got married, walioana, siku ya harusi yenyewe. They're married, wameoana, hata kama ni miaka arobaini iliyopita. Get dressed ni kuvaa, ukiwa bado unahangaika na vifungo. She's dressed, amevaa. Mtu anayekwambia I am tiring anatafsiri ninachoka neno kwa neno, na Mwingereza atasikia "mimi ni mtu wa kuchosha". Hii -na- na -me- ndiyo ufunguo bora niliowahi kuwapa wanafunzi Waswahili kwa kitenzi hiki, na sijui kwa nini vitabu vya shule haviutaji.

Didn't get to see the crater. Hii ndiyo ile moja isiyobisha. Hatukupata kuiona kreta, neno kwa neno, na hakuna tafsiri bora zaidi. Mbele yake kuna to na kitenzi, na maana ni nafasi, bahati, kujaliwa. I got to meet her ni nilipata kuonana naye, na msemaji anafurahia jambo hilo. Angesema I met her, habari ni ile ile lakini furaha haipo. Wamarekani wanaipenda sana hii. Chunga tu usiichanganye na got to ya lazima, ambayo nitaifikia.

Get someone to look at the shower. Mbele kuna mtu, halafu to, halafu kitenzi: msababishie mtu afanye. Sisi tuna -isha na -esha, lakini Kiingereza kimegawa kazi hii kwa vitenzi vitatu, na kila kimoja kina moyo wake. I made him sign, nililazimisha, alisaini akitaka asitake. I had him sign, ilikuwa kazi yake, nilimwagiza akasaini. I got him to sign, nilimbembeleza, nilimzungukia, mwishowe akasaini. Kwa hiyo mgeni wako alikuwa anakiri kwa adabu kwamba kupata fundi jioni kunahitaji jitihada. Zingatia pia kwamba to inakaa na get peke yake. Made him to sign na get him sign yote ni makosa, na ninayasikia hata redioni. Angetaja bomba bila kumtaja fundi angesema get the shower fixed.

Getting picked up at six. Mbele kuna kitenzi kilichokwisha kugeuzwa, picked, na get imechukua nafasi ya -wa yetu: tunachukuliwa saa kumi na mbili. Shuleni mlifundishwa kwamba hapo pawe na be, na are being picked up ni sahihi kabisa, ila mdomoni ni zito. Hii ya get ni ya mazungumzo, nayo inapenda matukio yanayompata mtu, hasa mabaya au ya bahati: got fired, got robbed, got promoted. Hutasikia the hotel got built in 1998 kwa mtu anayesimulia tu historia ya jengo. Na wakati mwingine ina harufu ya lawama. He was arrested, alikamatwa. He got himself arrested, kajitakia.

Aina ambayo mgeni wako hakuitumia ndiyo rahisi kuliko zote: get na jina la kitu. Did you get my email, imekufikia? Where did you get that khanga, umenunua wapi? Can you get me a towel, niletee taulo. Na simu ya kaunta ikilia, mwenzako akiwa na mikono iliyojaa akasema can you get that, anataka uipokee.

Imebaki have got, nayo ni kisa cha -me- tena. I have got a car kwa asili ni "nimekwisha pata gari". Aliyekwisha pata anacho, kwa hiyo taratibu maana ikahama kutoka nimepata hadi nina, kama ambavyo ukisema amelala humaanishi tendo la kulala limekamilika, unamaanisha yuko usingizini sasa hivi. Mabadiliko hayo yalishatokea zama za Shakespeare, mwishoni mwa karne ya 16. Halafu have got to ikawa "nina jambo la kufanya", mwishowe "sina budi", na midomo ikaisaga mpaka ikawa gotta. I've gotta go: sina budi niende. Ukitaka kuitofautisha na ile ya kubahatika, sikiliza have au ile 've iliyo mbele. I've got to see him, lazima nimwone. I got to see him, nilipata kumwona. Shida ni kwamba wakizungumza haraka ile 've inamezwa, na hapo hakuna dawa isipokuwa kutazama mazungumzo yanahusu nini.

Kabla sijafika kwa mdogo wako, neno moja la kazini. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, ofisi, mahakama na ikulu vilisema Kifaransa, na maneno kama receive, obtain na acquire yalikuja kwa mlango huo. Get lilibaki jikoni na sokoni, na Kiingereza bado kinakumbuka. Mgeni akisimama mbele yako, sema we got your message. Ukimwambia we obtained your message utamchekesha. Ukimwandikia barua ya kuthibitisha chumba, andika we have received your booking. Walimu wengi hulifuta get kila mahali kwa wino mwekundu, na hapo wanazidisha: kwenye barua rasmi lipunguze, kwenye mazungumzo liache lifanye kazi.

Sasa gotten. Si kosa, wala Wamarekani hawakulitunga. Ni umbo la kale la Uingereza kwenyewe, lililokwenda na wahamiaji ng'ambo ya Atlantiki katika karne ya 17. Katika Biblia ile ya 1611, Mwanzo sura ya 4, Hawa anapomzaa Kaini anasema I have gotten a man from the LORD, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema "Nimepata mtoto mwanamume kwa Bwana". Baadaye Waingereza wakaidondosha -ten, wakabaki na got, Wamarekani hawakuidondosha. Na hata Uingereza haikuisha yote, maana Mwingereza anayecheka gotten anasema forgotten bila wasiwasi, na mali ya dhuluma anaiita ill-gotten.

Tena Mmarekani hatumii gotten ovyo. Anazo zote mbili na amezigawia kazi. I've got a new phone, ninayo simu mpya. I've gotten a new phone, nimenunua, nimeipata hivi karibuni. She's gotten better, hali yake imekuwa nzuri. Hapo ni kuingia katika hali, kwa hiyo gotten. I've gotta leave, lazima. Hapo gotten haiingii kamwe. Mwingereza ana got moja kwa yote mawili, na inabidi akisie kwa muktadha. Kwa upande huo mimi naona Wamarekani ndio wenye chombo kizuri zaidi, ingawa wenzangu waliosomea London hawapendi kulisikia hilo.

Ila mtihani ni jambo lingine. Kiingereza cha shule zetu, Tanzania na Kenya, ni cha Uingereza, na msahihishaji anapima kwa kipimo hicho. Mwambie mdogo wako aandike I have got na it has got worse hadi amalize kidato cha nne, na kwenye insha akiona got zimekuwa nyingi abadilishe baadhi ziwe become au receive. Mwalimu wake hakuonea kumkata alama. Angekuwa ameonea kama angemwambia kwamba neno hilo halipo. Wewe hapo kaunta sema gotten kwa Mmarekani na got kwa Mwingereza. Ukizikosea, hakuna mgeni atakayerudisha ufunguo kwa sababu hiyo.